Kumrudisha Aliyekimbia

Kiswahili kinamwita mkimbizi mtu aliyeacha nyumba yake kwa kuogopa vita, na mtu anayeukimbia mkono wa sheria naye anaweza kuitwa hivyo hivyo. Neno ni moja. Halisemi mtu huyo alifanya nini wala alifanyiwa nini. Linasema tu kwamba alikuwa mahali fulani na sasa hayupo. Tunalo neno jingine, mtoro, na hilo limekwisha kutoa nusu ya hukumu: mtoro ana mwenyewe anayemtafuta, awe mwalimu, mnyapara au bwana. Kwetu Burundi tunasema impunzi, kutoka kitenzi guhunga, na neno hilo linaelekea upande wa huruma. Nimeanza na maneno kwa sababu swali la insha hii linaanzia hapo. Mtu amevuka mpaka akabisha hodi. Nyuma yake amekuja mwingine na barua, anasema: huyo ni mhalifu wetu, tupeni. Ni nani mwenye haki ya kuamua mtu yule aitwe jina gani, na aliyeombwa amtoe anawajibika kwa lipi?

Swali hili lina historia katika eneo letu, na historia yenyewe inashangaza. Mwaka 1896, Burundi ilipohesabiwa katika ramani za Ulaya kuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ingawa Mwami Mwezi Gisabo mwenyewe hakuwa na habari ya kutawaliwa na mtu, Unguja palitokea jambo ambalo wanasheria walilijadili kwa muda mrefu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani. Waingereza walikuwa wamekwisha kumchagua mtu wao, Hamoud bin Muhammed. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zililipiga jumba kwa mizinga, na kabla saa moja haijaisha kazi ilikuwa imekwisha, na watu wapatao mia tano upande wa jumba wamekufa au wamejeruhiwa. Khalid alikimbilia nyumba ya konseli wa Kijerumani.

Waingereza walimdai. Wajerumani walikataa. Walisema: tuna mkataba wa kukabidhiana wahalifu tangu 1872, lakini mkataba huo unawatoa watu wenye makosa ya kisiasa, na huyu kosa lake ni la kisiasa. Waingereza wakaweka walinzi mlangoni ili Khalid akikanyaga tu ardhi ya Unguja akamatwe. Basi Wajerumani walisubiri maji yajae. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipofika kwenye bustani ya konseli, mashua kutoka manowari ya Kijerumani Seeadler ilisogea hadi ukingoni, na Khalid akapiga hatua moja kutoka bustanini hadi ndani ya mashua. Mguu wake haukugusa Unguja. Alipelekwa Dar es Salaam akaishi huko miaka ishirini.

Wengi wanaposimulia kisa hiki hucheka, na kweli kina kichekesho: dola mbili kubwa zinapimana nguvu kwa kimo cha maji ya bamvua. Lakini tukimaliza kucheka tujiulize ni nini kilichomwokoa Khalid. Je, Wajerumani walipima kama dai lake la kiti lilikuwa la haki? Hapana. Je, waliuliza ni watu wangapi waliokufa kwa sababu yeye alikataa kutoka katika jumba lile? Hapana. Waliangalia karatasi, na pembeni ya karatasi waliangalia faida. Mtu mwenye damu ya kisultani, aliye mkononi mwako, ambaye jirani yako hampendi, ni akiba.

Na Khalid hakuwa peke yake. Mwezi Aprili mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi aliyekuwa akipigana na Waingereza katika pwani ya Kenya ya leo, alivuka mpaka na wafuasi wengi akajisalimisha kwa Gavana Wissmann. Wajerumani walimpa makao, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Mwaka 1897 Kabaka Mwanga wa Buganda aliasi, akashindwa, akakimbilia upande wa Bukoba. Wajerumani walimweka Mwanza, lakini akawatoroka na kurudi vitani, mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro na kumpeleka Shelisheli, ambako alifariki mwaka 1903. Kwa miaka miwili tu, koloni moja lilipokea wakimbizi watatu wakubwa. Haikuwa kwa sababu watawala wake walikuwa wapole. Miaka michache baadaye watawala hao hao walizima vita vya Maji Maji kwa njaa.

Ile kanuni ya kosa la kisiasa haikutungwa Afrika. Ubelgiji, nchi iliyokuja kututawala baadaye, ndiyo iliyoiandika mwanzo katika sheria yake ya tarehe 1 Oktoba 1833. Nchi yenyewe ilikuwa imezaliwa kwa uasi wa 1830, na si rahisi mtoto wa uasi kuwakabidhi waasi wenzake. Uingereza ikaiweka katika sheria yake ya 1870. Wazo lake, nalielewa: aliyeshindwa katika ugomvi wa kiti hawezi kutarajia hukumu ya haki kwa aliyemshinda, kwani hakimu na adui ni mtu mmoja. Wazo hilo nalikubali. Kinachonisumbua ni mpaka wake. Mtu aliyeingiza watu mia tano katika mauti na majeraha kwa kugombea jumba anafunguliwa mlango, kwa kuwa nia yake ilikuwa kutawala. Mtu aliyeiba ng'ombe mmoja kwa sababu watoto wake hawakula, huyo anafungwa kamba na kurudishwa, kwa kuwa nia yake ilikuwa kula. Ukubwa wa kosa ukigeuka kuwa kinga ya mkosaji, kuna kitu tumekipima kwa mizani mbovu.

Tena kanuni yenyewe ilikuwa kwa ajili ya wageni tu. Kwa watu waliokimbia kutoka koloni moja la Kiingereza hadi jingine palikuwa na sheria tofauti, ya mwaka 1881, na humo kosa la kisiasa halikumkinga mtu. Kwa mantiki ya dola, mtu hawezi kumkimbia mfalme kwa kwenda katika chumba kingine cha nyumba ya mfalme yule yule. Sheria hiyo iliishi kuliko makoloni mengi: mwaka 1963 Anthony Enahoro, mwanasiasa wa Nigeria, alirudishwa kwa nguvu yake kutoka London kwenda Lagos, akashtakiwa uhaini na kufungwa, wakati Nigeria ilikuwa huru tayari.

Sasa tuje Muyinga, maana historia ya masultani na makabaka ina hatari ya kutusahaulisha watu wa kawaida.

Upande wa mashariki wa Muyinga iko Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, Tanzania. Zamani Bugufi ilikuwa nchi ya Mwami wa Burundi. Lugha inafanana na yetu, na watu wameoana pande zote. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji na Waingereza waligawana ardhi ya Wajerumani kwa mapatano ya Orts na Milner ya mwaka 1919, na Bugufi ikaangukia upande wa Waingereza. Mtu aliyelala Mrundi aliamka yuko Tanganyika bila kuhamisha hata chungu. Wazee wa kwetu bado wanasema fulani "ameolewa Bugufi" kwa sauti ile ile wanayosemea kwamba ameolewa kilima cha pili, na sidhani kama wanakosea.

Chini ya Wabelgiji palikuwa na kodi, kazi za barabara zisizo na hiari, amri ya kulima mihogo kujikinga na njaa, amri ya kupanda kahawa, na kiboko kwa aliyezembea. Watu wakaondoka. Miaka ya 1920 na kuendelea, maelfu walikwenda kila mwaka: wengine Uganda kwenye mashamba ya Buganda, wengine Tanganyika kwenye mkonge, safari ambayo ilipata jina lake, kwenda Manamba. Wako waliokwenda kutafuta shilingi. Wako waliokwenda kwa sababu chifu alikuwa na jina lao na kiboko kilikuwa kinasubiri. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye sababu zote mbili, na yeyote anayedai kuzitenganisha kwa usahihi hajawahi kuwa na njaa na hofu kwa wakati mmoja.

Je, hawa walikuwa wahalifu waliotoroka? Machoni pa ofisa wa Kibelgiji, ndiyo: walivunja amri halali. Lakini mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa mwaka 1901, ambao baadaye ulipanuliwa hadi makoloni, ulikuwa na orodha ya makosa kama mikataba yote ya wakati ule: kuua, kuchoma nyumba, kunyang'anya, kughushi fedha, na mengine ya namna hiyo. Kuacha kupalilia kahawa ya lazima hakukuwamo. Isitoshe, mashamba ya upande wa pili yalihitaji mikono. Kwa hiyo mtu wa Muyinga alivuka kijito, akawa salama.

Angalia lakini alivyolindwa. Khalid alilindwa na ukubwa wake. Mtu wa Muyinga alilindwa na udogo wake. Hakuna konseli aliyemwekea mashua. Hakuna aliyeuliza kama amri aliyoikimbia ilikuwa ya haki. Sheria haikumwona, na kwa bahati nzuri mwenye shamba alimtaka. Siku ambayo shamba lisingemtaka, au orodha ingeongezwa mstari mmoja, angerudishwa kwa utulivu kabisa na kila ofisa angelala vizuri.

Hilo si jambo la kubuni. Pwani ya Kenya, watumwa waliowakimbia mabwana zao walijazana katika vituo vya wamishonari, Rabai hasa. Mabwana walikuja na dai lililokuwa halali kwa sheria ya nchi wakati ule: hawa ni mali yetu, warudisheni. Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alilimaliza jambo kwa kuwalipa mabwana fidia, na watoro wapatao 1,400 wakapewa karatasi za uhuru. Watu husifu kitendo hicho, na mimi sikatai kwamba kiliokoa watu. Ila kulipa fidia ni kukiri kwamba mdai alikuwa na haki. Mtoro alinunuliwa, hakusikilizwa.

Kusikilizwa ndilo jambo ninalolitafuta. Waislamu wa Muyinga na wa Gitega wanakijua kisa cha Najashi, mfalme wa Uhabeshi, ambaye Makureshi walimpelekea wajumbe na zawadi ili awarudishe Waislamu waliokimbilia kwake. Wajumbe walitaka watu watolewe kabla hawajasema neno. Najashi alikataa kuamua mpaka wakimbizi wamesimama mbele yake wakasema wao wenyewe ni nani na wamekimbia nini. Hakuwa na mkataba wala orodha. Lakini alijua kwamba barua ya mdai ni nusu ya habari. Baada ya kusikiliza, alizirudisha zawadi, na watu akabaki nao.

Hapo mwanafunzi mwenzangu alinipinga tulipokuwa tukijadili jambo hili Gitega, na pingamizi lake ni zito kuliko yote niliyoyasoma. Alisema: "Wewe unamsikiliza aliyekimbia tu. Mimi nafikiria mjane. Mumewe ameuawa kwa panga, muuaji amevuka akakaa Ngara, analima, ameoa. Kila siku ya soko mjane anasikia habari zake. Unamwambia nini?" Alisema pia kwamba maneno mazuri kuhusu hifadhi husemwa sana na watu ambao hawajazika mtu. Katika nchi yetu huo si mfano wa darasani, na nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu.

Mjane ana haki. Mtu akishika mpaka kama ngao baada ya kuua, mpaka umetumika kwa uovu, na jirani anayemficha anashiriki. Cesare Beccaria, Mwitalia aliyeandika mwaka 1764 juu ya makosa na adhabu, alisema kwamba kama wahalifu wangejua hakuna mahali popote duniani wanapoweza kukimbilia, jambo hilo lingezuia makosa mengi. Ungetarajia amalizie kwa kusema basi wakabidhiwe wote. Hakusema hivyo. Alisema hathubutu kuamua kama ni vema mataifa yakabidhiane wahalifu, mpaka sheria ziwe za utu zaidi, adhabu ziwe nyepesi, na mtu asiwe mchezo wa matakwa ya mwenye nguvu. Kwa maneno mengine, kurudisha mtu ni jambo jema kwa sharti, na sharti lenyewe liko mbele ya huyo mtu, katika kile kinachomngojea.

Hapo ndipo naona mikataba ya kikoloni ilipokosea, yote, ile ya kulinda na ile ya kurudisha. Iliuliza: amefanya nini? Ni wa nani? Ni kosa la kisiasa au la kawaida? Yote hayo ni maswali ya nyuma. Haikuuliza: nikimtoa, atafanywa nini, na mimi nitakuwa nani katika jambo hilo litakapotendeka? Aliyemtoa mtu hawezi kudai kwamba kazi yake iliishia mpakani. Ukimshika mtu mikono ili mwingine ampige, wewe pia umempiga.

Kama kuna mji unaojua maana ya maneno hayo, ni Gitega. Ntare wa Tano, Charles Ndizeye, alikuwa mwami wa mwisho wa Burundi. Alimwondoa baba yake Mwambutsa mwaka 1966, na kabla mwaka haujaisha, alipokuwa ziarani Kinshasa, Kapteni Michel Micombero akamwondoa yeye na kutangaza jamhuri. Alikaa uhamishoni Ujerumani Magharibi. Mwezi Machi 1972 alifika Uganda. Idi Amin, aliyekuwa madarakani mwaka mmoja tu, alimtoa kwa serikali ya Burundi baada ya kupata ahadi ya maandishi kutoka kwa Micombero kwamba kijana huyo angekuwa salama. Tarehe 30 Machi alifikishwa Bujumbura kwa helikopta. Redio ikatangaza kwamba alikuwa akipanga kuivamia nchi na askari wa kukodi. Alipelekwa Gitega akawekwa chini ya ulinzi. Usiku wa tarehe 29 Aprili, uasi ulipoanza kusini, aliuawa. Alikuwa na miaka 24. Siku zilizofuata ndizo zile ambazo kila familia ya Burundi ina namna yake ya kuzinyamazia, na watu wapatao laki moja na nusu walikimbilia nchi za jirani, wengi wao Tanzania.

Ntare hakuwa mtakatifu. Mtu aliyempindua baba yake mzazi akiwa na miaka 18 hawezi kuombewa jina hilo. Sikitaji kisa chake kwa ajili ya ufalme. Nakitaja kwa sababu tofauti yake na kisa cha Khalid ni fundisho lenyewe. Khalid alikuwa na karatasi iliyomlinda na dola iliyokuwa na faida ya kuisoma kwa sauti. Ntare hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Hapakuwa na orodha ya makosa, wala hati, wala rufaa. Palikuwa na barua ya rais mmoja kwa rais mwingine. Na barua ya namna hiyo, tukiitazama vizuri, inakiri jambo la kutisha: hakuna anayeomba ahadi ya maandishi kwamba mtu hatauawa isipokuwa anajua kwamba anaweza kuuawa. Ahadi ilikuwa ushahidi wa hatari, nayo ikatumiwa kana kwamba ni dawa yake.

Miaka tisa nyuma mji huo huo ulikuwa umeona kukabidhiwa kwa aina nyingine. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961. Mgiriki aliyempiga risasi, Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo na Wabelgiji tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenzake walikuwa wamehukumiwa vifungo, na Wabelgiji walipoondoka waliwaacha gerezani. Serikali mpya iliwashtaki tena, na tarehe 15 Januari 1963 watano walinyongwa hadharani Gitega. Hawa hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka. Najua wako watakaosema walistahili, na msiba wa Rwagasore haujatoka mioyoni mwetu. Lakini Ubelgiji ilijua inamwachia nani, na ilijua hasira iliyokuwepo. Kuondoka na kuacha ufunguo ni njia mojawapo ya kukabidhi.

Basi mjane wa Muyinga nimwambie nini? Njia ya kwanza ni ya kale. Hugo Grotius, mwanasheria wa Kiholanzi, aliandika mwaka 1625 kwamba nchi aliyokimbilia mkosaji ichague moja: imtoe au imwadhibu yenyewe. Kukataa kumtoa si lazima kuwe kumsamehe. Muuaji aliyekaa Ngara anaweza kushtakiwa Ngara. Najua ugumu wake: mashahidi wako upande huu, panga liko upande huu, na hakimu wa kule hana haraka na marehemu asiye wake. Lakini ugumu wa njia haufanyi njia nyingine, ile ya kumrudisha mtu gizani, kuwa halali.

Njia ya pili ni kumtaka mdai atengeneze kwanza nyumba yake, na hii si ndoto. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikataa mwaka 2008 kupeleka kesi Rwanda, kwa wasiwasi kama washtakiwa wangepata hukumu ya haki. Rwanda ilikuwa imekwisha kufuta adhabu ya kifo mwaka 2007, na baada ya kukataliwa iliendelea kurekebisha sheria zake, hasa za kulinda mashahidi. Mwaka 2011 mahakama ile ikakubali, na mwaka 2012 Jean Uwinkindi akawa mtu wa kwanza kuhamishwa kutoka Arusha kwenda kushtakiwa Kigali. Wajane wa Rwanda walisubiri, na kusubiri kuliwaumiza. Sitaki kulipunguza hilo. Ila baada ya kusubiri, hata mtu ambaye hakuna aliyempenda alipelekwa mahali penye hakimu, na sheria zilizobadilishwa kwa ajili yake zilibaki kwa ajili ya kila raia. Burundi nayo ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2009.

Mwenzangu hakuridhika. Alisema mlango wa mpaka hauna muda wa kusoma falsafa: askari wa Kobero ana simu, mkuu wake anamwambia mtu fulani arudishwe, na gari linasubiri. Ni kweli, na ndiyo maana simu hiyo haipaswi kutosha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, na nchi nyingine isilihesabu kuwa uadui. Unasema pia kwamba aliyefanya kosa kubwa lisilo la kisiasa hastahili jina la mkimbizi. Kati ya sentensi hizo mbili anahitajika mtu wa kukaa chini na kuuliza. Askari wa zamu hawezi kuwa mtu huyo, na marais wawili wanaopigiana simu hawawezi vilevile.

Tulikubaliana mimi naye juu ya jambo moja, tena dogo. Kama muuaji wa mume wa yule mama atashtakiwa Ngara, mama asiombwe pasipoti na viza ili akatoe ushahidi wake. Apewe karatasi ya mahakama, avuke Kobero asubuhi, aseme mbele ya hakimu kwa lugha yake, ambayo kule nusu ya watu watamwelewa bila mkalimani, kisha arudi kwake jioni. Mwenzangu aliongeza kwamba nauli ilipwe na serikali, na hapo sikuwa na la kubisha.